Je, Uajemi wa Kale Ulikuwa Umeoza Kabla ya Alexander Kufika?

Mwaka 334 KK Alexander wa Makedonia alivuka mlango wa bahari ambao leo unaitwa Dardanelles. Alikuwa na umri wa miaka 21, askari wa miguu wapata 32,000, wapanda farasi wapata 5,000, chakula cha mwezi mmoja hivi, na madeni. Kufikia katikati ya mwaka 330 KK, Dario wa Tatu, mfalme wa nchi zilizotandaa kutoka Mto Indus hadi Mediterania, alikuwa ameuawa na wakubwa wa jeshi lake mwenyewe akiwa mbioni. Himaya ambayo Koreshi aliianzisha zaidi ya miaka mia mbili nyuma ilikwisha kwa miaka minne.

Kasi hiyo ndiyo iliyozaa maelezo mepesi tunayoyasikia mpaka leo: Uajemi ulikuwa umeoza, watu wake wamelegea kwa anasa, majimbo yanangoja tu mkombozi. Maelezo hayo yana wenyewe. Isocrates wa Athens alikuwa akiwahubiria Wagiriki hivyo tangu mwaka 380 KK hivi, akitaka waache kupigana wao kwa wao waende wakagawane mali ya Asia. Kwa hiyo tunachosoma ni maneno ya mtu anayehamasisha vita. Ukiyapima kwa kumbukumbu za Waajemi wenyewe, vibao vya Babeli na hesabu ya kawaida ya chakula cha jeshi, unapata picha nyingine. Himaya hii ilikuwa ngumu sana kumegwa pembeni na ngumu kuangushwa kwa uasi. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa mahali pamoja, na ilihitaji jeshi la namna ya pekee kupafikia.

Mitambo ya ndani

Wasomaji wa Biblia wanaijua nchi hii kupitia vitabu vya Ezra na Esta: amri zinaandikwa Shushani, yaani Susa, zinapelekwa na matarishi hadi kila jimbo. Hiyo haikuwa chumvi ya wasimulizi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza njia ya mfalme kutoka Sardi, magharibi ya Uturuki ya leo, hadi Susa: vituo 111, na mwendo wa siku 90 kwa mtu wa miguu. Tarishi aliyebadilisha farasi kituo kwa kituo aliimaliza kwa sehemu ndogo tu ya muda huo.

Jinsi vituo hivyo vilivyofanya kazi tunajua kutokana na maelfu ya vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Persepolis miaka ya 1930, vingi vikiwa vya kati ya 509 na 493 KK. Ni stakabadhi. Msafiri alibeba hati yenye muhuri wa mfalme au wa liwali, yaani mtawala wa jimbo. Kila kituo alipewa posho yake, na mwenye ghala akaandika nani kachukua nini, kwa hati ya nani, anakwenda wapi. Mtumishi alipata kipimo kimoja cha unga kwa siku, mkubwa wake kimoja na nusu, na kipimo hicho kilikaribia lita moja. Nakala zilikusanywa makao makuu zikalinganishwa. Serikali inayodai hesabu ya unga wa mtumishi mmoja njiani si serikali ya kulala usingizi.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ya enzi za Dario wa Kwanza, himaya ikiwa bado changa. Basi tazama hati za Kiaramu kutoka Baktria, upande wa Afghanistan ya leo, za miaka ya mwisho kabisa ya himaya. Katika barua moja liwali Akhvamazda anamwandikia ofisa wake Bagavant kuhusu askari waliokuwa wakijenga ukuta wa mji. Nzige wamefika na mavuno yako shambani. Liwali anaruhusu ujenzi usimame kwanza watu wakaokoe nafaka, kisha warudi ukutani. Ofisa aliyekuwa mashinani aliona tatizo, akaandika kwa mkubwa wake, akajibiwa. Maili elfu kutoka ikulu, serikali ilikuwa ikifanya kazi miaka kumi na kitu tu kabla ya Alexander kuingia.

Walijaribu wengi kabla yake

Mfano anaoupenda kila mtetezi wa hoja ya kuoza ni ule wa Wagiriki Elfu Kumi. Mwaka 401 KK, Koreshi Mdogo alitaka kumpindua kaka yake Artashasta wa Pili. Alikodi Wagiriki wapata 13,000, akatembea kutoka Sardi hadi karibu na Babeli bila kuzuiwa kwa vita kubwa. Huko Cunaxa Wagiriki walishinda upande wao wa uwanja, lakini Koreshi mwenyewe aliuawa. Viongozi wao watano walialikwa kwenye mazungumzo, wakakamatwa na kuuawa, na jeshi likatembea likipigana hadi Bahari Nyeusi.

Isocrates alisema: mnaona, mfalme hawezi hata kuwazuia watu wanaokimbia. Lakini wale walikuwa wakiondoka, na mfalme hakuwa na sababu ya kumwaga damu kuwazuia. Hawakuteka mji hata mmoja wakaushika. Xenophon, aliyekuwamo safarini, alikuwa makini zaidi: aliandika kwamba nguvu ya mfalme iko katika ukubwa wa nchi na wingi wa watu, na udhaifu wake uko katika urefu wa njia na mtawanyiko wa majeshi endapo mtu atashambulia kwa haraka. Hiyo ni hoja ya muda, na ndani yake hamna neno juu ya kuoza. Jeshi la mfalme lilikusanywa jimbo kwa jimbo, na kukusanya kulichukua miezi. Lakini mshambuliaji naye alipaswa kuendelea kula miezi hiyo yote, mbali na kwao.

Miaka michache baadaye Agesilaus, mfalme wa Sparta, alivuka akapiga vizuri magharibi mwa Asia Ndogo kuanzia 396 KK. Waajemi hawakumfuata kwa upanga. Walimtuma Timocrates wa Rhodes aende Ugiriki akiwa na fedha ya talanta 50 (talanta ni kipimo cha uzito, kama kilo 26) kuwagawia wanasiasa wa Thebes, Corinth na Argos. Vita ikawaka nyuma ya mgongo wa Agesilaus, na mwaka 394 KK akaitwa nyumbani. Sarafu za dhahabu za Uajemi zilikuwa na picha ya mpiga mishale, na Agesilaus anasimuliwa kuwa alisema amefukuzwa Asia na wapiga mishale wa mfalme. Mwaka 386 KK Wagiriki walikubali amani ambayo masharti yake yalitangazwa kwa jina la Artashasta, na miji ya Kigiriki ya Asia ikarudi kwake.

Misri ndiyo dosari ya kweli. Ilijitenga mwaka 404 KK ikakaa nje kwa miaka kama 60. Jaribio la mwaka 373 KK linaonyesha kilichokuwa kikiharibika. Jeshi lilishuka kwenye mdomo mmoja wa Mto Nile na kuteka ngome yake. Iphicrates, kamanda wa askari wa kukodiwa, akataka waende mji mkuu, Memphis, mara moja kabla haijawekewa ulinzi. Pharnabazus, kamanda wa Kiajemi, akakataa kwa kuhofia Mgiriki huyo atauchukua mji kwa faida yake. Walipokuwa wakibishana, Wamisri wakaimarisha ulinzi, kisha mto ukafurika. Jeshi likarudi. Kutoaminiana huku kati ya wakuu wa Kiajemi na makamanda wa kukodiwa kutatokea tena. Hata hivyo mwaka 343 KK Artashasta wa Tatu aliirudisha Misri mkononi. Himaya inayokata roho haiteki upya nchi kama Misri miaka tisa kabla ya kushambuliwa.

Miaka miwili mibaya

Mambo yaliharibika ghafla, na yaliharibika juu kabisa. Artashasta wa Tatu alikufa mwaka 338 KK. Wagiriki wanasema alipewa sumu na Bagoas, towashi mwenye madaraka makubwa ikulu, ingawa kibao cha Babeli kinaelekea kusema alikufa kifo cha kawaida. Mwanawe Arses aliuawa mwaka 336 KK. Akaingia Dario wa Tatu, mtu wa tawi la pembeni la ukoo, na inasimuliwa kuwa alimlazimisha Bagoas anywe sumu yake mwenyewe. Katika vurugu hizo Misri iliasi tena chini ya mtu aitwaye Khababash.

Hata katika hali hiyo pigo la kwanza halikufua dafu. Mwaka 336 KK jeshi la Kimakedonia la watu wapata 10,000 lilitangulia Asia chini ya Parmenion. Memnon wa Rhodes, Mgiriki aliyemtumikia mfalme, alilirudisha nyuma mpaka ukanda wa karibu na mlango wa bahari. Kama Alexander angekufa akizima uasi wa mji wa Thebes huko Ugiriki mwaka 335 KK, leo tungekuwa tukiandika jinsi Uajemi ulivyozima uvamizi wa Makedonia kwa maelfu machache ya askari.

Hesabu ya unga

Tofauti ya Alexander haikuwa ujasiri tu. Baba yake Philip alikuwa amejenga jeshi ambalo Waajemi hawakuwahi kukutana nalo: askari wa miguu wenye mikuki ya zaidi ya mita tano inayoshikwa kwa mikono miwili, wapanda farasi waliofunzwa kupasua safu mahali pamoja, na mafundi wa mitambo ya kubomoa kuta. Na jambo lisilosemwa sana: Philip alipunguza mizigo. Aliruhusu mtumishi mmoja tu kwa askari kumi wa miguu, akawafundisha askari kubeba unga wao mgongoni.

Kwa nini hilo ni muhimu? Askari anayetembea siku nzima anahitaji nafaka kama kilo 1.4. Kwa watu 37,000, bila kuhesabu watumishi, hizo ni tani 52 kwa siku. Farasi 5,000, wakila kilo nne na nusu za nafaka kila mmoja, wanaongeza tani 22. Nyumbu mmoja hubeba kilo 90 hivi. Chakula cha siku moja kinataka wanyama zaidi ya 800. Cha siku kumi kinataka zaidi ya 8,000, na hao nao wanakula zaidi ya tani 35 kila siku kama malisho hakuna. Ukiendelea na hesabu unaona haraka kwamba msafara unaanza kujila wenyewe. Jeshi la kale halikuweza kubeba chakula chake kuvuka Asia. Lilikula ghala za nchi liliyoiingia, au lilikufa njaa. (Hesabu hiyohiyo inatosha kuzika askari wa miguu milioni moja ambao Arrian, mwandishi wa kale wa historia ya Alexander, anampa Dario kwenye vita vya Gaugamela. Wangetaka tani 1,400 kila siku, wakiwa wamekusanyika uwanda mmoja.)

Sasa pendekezo la Memnon linaeleweka. Kwenye baraza la Zeleia, kabla ya mapigano ya kwanza, aliwashauri maliwali wasipigane. Warudi nyuma, wachome mazao na hata miji, wampelekee Alexander vita kwao kwa bahari. Mvamizi alikuwa na chakula cha mwezi mmoja na talanta 70 hivi, na mavuno mapya bado hayajaiva vizuri. Arsites, liwali wa eneo hilo, akajibu kwamba hataacha hata nyumba moja ya watu wake ichomwe. Wenzake wakamuunga mkono, wakimshuku Memnon kuwa anarefusha vita apate cheo. Si ujinga mtupu: mashamba hayo yalikuwa mali yao na kodi ya mfalme, na kazi ya liwali ilikuwa kulinda watu. Wakapigana Mto Granicus, wakashindwa, maliwali kadhaa wakafa vitani na Arsites akajiua. Mithrenes, mkuu wa ngome ya Sardi, akatoka kumkabidhi Alexander ngome na hazina bila mshale kurushwa.

Bahari bado ilikuwa ya Waajemi. Walikuwa na merikebu za vita kama 400 dhidi ya 160 za Alexander, naye akaziachisha kazi meli zake nyingi huko Miletus kwa kukosa pesa za kuzilipia. Mpango wake ulikuwa kuzishinda merikebu za Waajemi kutokea nchi kavu, kwa kuzinyang'anya bandari moja baada ya nyingine. Ulikuwa mchezo wa pata potea. Mwaka 333 KK Memnon aliteka kisiwa cha Chios na sehemu kubwa ya kisiwa cha Lesbos, na Ugiriki ilianza kuchemka. Baadaye mwaka huohuo hata Agis, mfalme wa Sparta, angepewa fedha na merikebu na Waajemi. Alexander ilimbidi aagize meli zitafutwe upya, jambo linaloonyesha jinsi alivyojiona yuko hatarini. Kisha Memnon akaugua na kufa akiwa amezingira Mytilene, mji wa Lesbos. Dario akawaita bara askari wa kukodiwa waliokuwa kwenye meli, akaamua kupigana mwenyewe.

Mahali palipokuwa laini

Uamuzi huo, naona, ndio kiini cha yote. Mfalme wa Uajemi alitawala kama mteule wa mungu mkuu Ahuramazda, anayeshinda waongo na waasi. Dario wa Kwanza alichonga kwenye mwamba wa Bisitun, magharibi mwa Iran ya leo, kwamba alipigana vita 19 katika mwaka mmoja na kukamata wafalme tisa. Mfalme anayeacha majimbo yakitekwa bila kwenda uwanjani anajimaliza mwenyewe mbele ya wakubwa wake, hasa kama ameingia madarakani kwa damu na kwa tawi la pembeni. Ila akienda uwanjani, himaya nzima inawekwa kwenye kitu kimoja kinachoweza kushindwa kwa muda wa saa mbili tu: mwili wake.

Huko Issus, Novemba 333 KK, Dario alifanya jambo la kihodari akaliharibu mwenyewe. Alizunguka milima akatokea nyuma ya Alexander, akakata njia yake ya chakula. Lakini uwanja wa mapambano ulikuwa ukanda kati ya mlima na bahari wenye upana usiozidi kilomita chache, ambako wingi wa wapanda farasi haukuwa na pa kutandaa. Mmakedonia mkimbizi aitwaye Amyntas alikuwa amemshauri angoje kwenye uwanda mpana, lakini Dario akachoka kungoja. Alishindwa, akakimbia, familia yake ikatekwa.

Ndipo mpango wa bandari ulipolipa. Tiro ilizingirwa miezi saba, na Alexander akajenga njia ya mawe na miti baharini kuufikia mji uliokuwa kisiwani. Merikebu za vita za Waajemi zilikuwa za Wafoinike na Wakupro. Miji yao iliposalimu amri wakaondoka wakaenda kwa mshindi: kama merikebu 80 za Foinike na 120 za Kupro, ndani ya muda mfupi. Misri nayo ilikabidhiwa na liwali Mazaces, ambaye hakuwa na jeshi la maana. Liwali aliyemtangulia alikuwa amekufa Issus.

Pigo la tatu lilikuwa Gaugamela, kaskazini mwa Iraki ya leo, tarehe 1 Oktoba 331 KK. Hapa tuna shahidi asiye Mgiriki: shajara ya wanajimu wa Babeli. Inataja kupatwa kwa mwezi siku kumi na moja kabla, na hofu kambini, kisha vita, na kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoisoma, askari walimwacha mfalme wakarudi mijini kwao. Wagiriki wanasema Dario ndiye aliyekimbia kwanza.

Kilichofuata ndicho kinachofanana na kuoza, na si kuoza. Mazaeus, aliyepigana kwa ushujaa ubavu wa kulia wa Dario, alitoka Babeli na wanawe kumpokea Alexander, akaachiwa uliwali. Abulites akafanya vivyo hivyo Susa, akaachwa na cheo chake. Alexander aliweka Mmakedonia juu ya askari na mtu mwingine juu ya hazina, liwali wa Kiajemi akabaki na utawala wa raia. Susa peke yake ilitoa talanta zipatazo 50,000, kwa mtu aliyevuka na 70. Njia zilezile, ghala zilezile na makarani walewale waliomhudumia Dario sasa walimlisha aliyemshinda. Serikali iliyooza isingeweza kuhamishwa namna hiyo. Hakungekuwa na cha kuhamisha. Uimara wa ofisi ndio uliofanya mfalme mmoja aweze kuondolewa na mwingine kukaa.

Penye kukataa

Kwamba watu walikuwa wakingoja ukombozi, rekodi haionyeshi. Gaza ilipigana miezi miwili. Kwenye Mlango wa Uajemi, njia nyembamba ya milimani kuelekea Persepolis, liwali Ariobarzanes alilirudisha jeshi la Alexander kwa mawe na mishale. Lilipita tu baada ya mateka mmoja kuonyesha njia ya kuzunguka, usiku, kwenye theluji. Na Dario alipokufa vita haikuisha. Bessus, mmoja wa waliomuua, alijitangaza mfalme huko Baktria, na baada yake Spitamenes, mkuu wa Sogdiana iliyo jirani, akaendesha vita ya wapanda farasi wanaopiga na kutoweka. Mwaka 329 KK kikosi cha Kimakedonia cha zaidi ya watu 2,000 kiliangamizwa kando ya mto unaoitwa leo Zeravshan. Baktria na Sogdiana zilimla Alexander miaka miwili hivi, na mwishowe alitulia kwa kumwoa Roxane, binti wa mkuu wa huko. Huko hapakuwa na mfalme wa kumshinda katika uwanja mmoja wala ghala kuu la kulifunga. Kila mkuu alikuwa na mwamba wake na farasi wake.

Alexander alikufa Babeli mwaka 323 KK, na makamanda wake wakagombania kiti ambacho Waajemi walikuwa wamekilinda kwa vizazi tisa au kumi. Kufikia mwaka 303 KK hivi Seleucus, aliyebaki na sehemu kubwa ya Asia, aliachia majimbo ya mashariki, upande wa Indus, kwa Chandragupta wa India, akapokea tembo 500. Aliwatumia mwaka 301 KK kwenye vita vya Ipsus, Asia Ndogo, dhidi ya Wamakedonia wenzake.